Kusi likivuma, moto ubaki nje ya gari

HUKU Pwani mwaka hatuuhesabu kwa kalenda ya ukutani peke yake. Twauhesabu pia kwa pepo. Kaskazi huingia mwishoni mwa mwaka, ikaleta joto, bahari shwari na wageni. Kusi nalo huanza kuvuma mwezi wa Aprili hivi pamoja na mvua za masika, likapata nguvu Juni, Julai na Agosti, kisha likalegea. Katika miezi hiyo bahari huchafuka, wavuvi wengi wenye vyombo vidogo hubaki nchi kavu, na baadhi ya mahoteli ya ufuoni hupunguza bei au hufunga milango kwa wiki kadhaa ili yafanyiwe ukarabati.

Kwa mke na mume wasio na fedha nyingi, huu ndio wakati wa kutembea. Njia ni nyeupe, ufuo hauna kelele, na hakuna anayekuharakisha. Isitoshe, wapo ambao hata chumba cha bei nafuu hawakitaki. Hao huchukua gari lao, aghalabu Toyota Hiace lililokwisha kustaafu kazi ya matatu, wakang'oa viti vya nyuma, wakatandika godoro, wakatundika pazia, wakapakia sufuria, jiko na mtungi wa maji, kisha wakashika njia ya Malindi. Gari likawa nyumba.

Mimi kama daktari sina ugomvi na safari ya namna hiyo. Mke na mume waliokwisha kulea watoto na kulipa karo kwa miaka 20 hupata shida kukumbuka mara ya mwisho walipozungumza jambo lisilohusu bili. Siku nne za kuwa pamoja, mbali na simu na jamaa, zaweza kuteremsha shinikizo la damu la mtu na kumrudishia usingizi. Lakini yafaa msomaji alijue jambo moja kabla ya kuwasha injini: gari likigeuzwa nyumba, haliwi nyumba kama zile tulizozizoea. Makala ya leo yanahusu tofauti hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuwaua watu wawili katika usiku mmoja.

Upepo wenyewe hauui

Tuanze na baridi. Katika miezi ya Julai na Agosti, Mombasa hupata nyuzi 27 au 28 za Selsiasi mchana, na nyuzi 20 hadi 22 usiku. Mtu wa Limuru au Nyahururu akiambiwa kuwa hiyo ni baridi atacheka. Hata hivyo, sisi tuliozoea joto huisikia, na tuna sababu. Mwili ukiwa na unyevu, iwe ni kwa mvua, jasho au maji ya chumvi, upepo huukausha, na kule kukauka huchukua joto la ngozi. Kwa hivyo mtu aliyetoka kuoga baharini jioni akasimama katika kusi hutetemeka meno, hali kipimo cha joto kinaonyesha nyuzi 23.

Hiyo ni karaha, wala si hatari kwa mtu mzima mwenye afya. Hatari huanza pale anapotafuta njia ya kuikimbia karaha hiyo.

Historia ya pwani hii ina mfano mzuri. Mnamo Aprili 1498, Vasco da Gama aliondoka Malindi na rubani aliyepewa na mfalme wa huko, akasukumwa na kusi, na kwa muda usiofika mwezi mmoja akafika Calicut nchini India. Wakati wa kurudi hakungojea kaskazi itulie. Alitoka India mwanzoni mwa Oktoba, akakutana na utulivu wa bahari na pepo za mbele, na safari ile ile ikamchukua miezi mitatu hivi. Mabaharia wengi walikufa. Walipofika Malindi mwezi wa Januari 1499, walichokiomba kwa ajili ya wagonjwa wao ni machungwa. Ufizi wao ulikuwa umevimba na kutoka damu, ugonjwa ambao leo twajua husababishwa na ukosefu wa vitamini C. Upepo uliwachelewesha tu. Kilichowaua kilikuwa ndani ya vyombo vyao, katika namna walivyoishi humo.

Ndivyo ilivyo kwa msafiri wa leo. Anayelala garini wakati wa kusi na asiogope upepo. Na aogope kile anachokifungia ndani pamoja naye.

Malaria ya watu wawili, saa moja

Siku moja walinijia mke na mume, wote wamepita umri wa miaka 50. Walikuwa wametoka safari ya siku tano kati ya Mtwapa na Malindi.

"Daktari, sisi tumerudi na malaria," alianza mume. "Kichwa chaniuma siku ya tatu leo, na mama huyu vilevile."

"Mlianza kuumwa siku moja?" niliuliza.

"Si siku moja tu," alijibu mke. "Ni usiku mmoja, saa moja."

Hapo nilitia shaka. Malaria haina adabu ya kuwapiga watu wawili kwa saa moja. Niliwapima, na hawakuwa nayo. Ndipo nilipowauliza swali ambalo ningependa kila muuguzi na daktari wa Pwani aliulize katika miezi hii: mlilala wapi, na moto ulikuwa wapi?

Mke ndiye aliyesimulia. Walikuwa wameegesha karibu na ufuo. Walipika samaki nje, wakala, wakazungumza. Usiku upepo ukazidi, ukawa unapiga mluzi kwenye madirisha.

"Nikachukua leso zangu mbili nikaziba zile nafasi za vioo. Babake watoto akaona baridi imekuwa nyingi, akaliingiza jiko, akaliweka pale miguuni petu. Makaa yalikuwa mekundu, daktari, hayana moshi hata kidogo. Tukasema haya hayana neno."

Mama huyo ana shinikizo la damu na hunywa kidonge cha kupunguza maji mwilini, kile ambacho wagonjwa wangu wengi hukiita dawa ya mkojo. Nilikuwa nimemwagiza akinywe asubuhi. Lakini njiani hakuna vyoo vya kutegemea, kwa hivyo alikuwa akikiweka hadi jioni.

"Saa nane za usiku haja ikanishika. Nataka kuinuka, miguu haina nguvu, kichwa chazunguka kama pia. Nikausukuma mlango, nikaanguka mchangani. Nikalala pale pale, upepo wanipiga usoni. Kidogo kidogo akili ikanirudia. Nikamwita babake, hajibu. Nikamvuta miguu mpaka akatoka nusu."

Mume alizinduka, akatapika, akakaa akitetemeka hadi alfajiri. Walidhani ni samaki. Kisha maumivu ya kichwa yalipoendelea, wakadhani ni malaria.

Upepo walioufungia nje kwa leso mbili ndio uliowaokoa. Na aliyewafungulia mlango ni kidonge kilichonywewa saa isiyokuwa yake. Si kila mtu atakuwa na bahati ya kuamshwa na haja ndogo.

Gesi isiyo na harufu

Kilichowapata watu hawa ni sumu ya gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Kitu kama makaa, kuni, mafuta ya taa, petroli au gesi ya kupikia kikiungua bila hewa ya kutosha, hutoa gesi hiyo. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozi. Kwa hivyo mtu aliyelala haamki kwa sababu yake, huzidi kulala.

Damu yetu hubeba oksijeni kwa kitu kiitwacho himoglobini. Kaboni monoksaidi hung'ang'ania himoglobini hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Chukua mfano wa matatu iondokayo Kongowea. Abiria mmoja ameketi, amefika Mtwapa, hashuki. Matatu imerudi, bado hashuki. Viti vyote vikijaa abiria wa namna hiyo, wale wanaostahili kusafiri hubaki kituoni hata kama ni wengi. Ubongo na moyo, ambavyo haviwezi kuishi bila oksijeni, ndivyo huumia kwanza.

Dalili zake huanza kwa maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Kisha miguu hukosa nguvu, mtu huchanganyikiwa, akazimia, akafa. Walio hatarini zaidi ni mama mjamzito na mtoto aliye tumboni, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye upungufu wa damu na mwenye selimundu.

Dalili hizo za mwanzo zafanana mno na malaria au homa ya mafua, na ndiyo maana hutupita. Lakini kuna alama tatu za kuitambua. Kwanza, wote waliokuwa ndani huumwa kwa wakati mmoja. Pili, hupata nafuu wakitoka nje. Tatu, aghalabu hawana joto la homa. Ukiziona alama hizo, usikimbilie dukani kununua dawa ya malaria.

Kwa nini nyumba ya makuti haikutuua

Nimeulizwa mara nyingi: "Daktari, mbona bibi zetu walipika ndani miaka yote na hawakufa?"

Swali hili ni la haki. Jibu lake limo katika nyumba yenyewe. Nyumba ya makuti hupumua. Hewa hupenya kwenye paa, juu ya kuta na chini ya mlango. Moshi ule uliwaharibu macho na mapafu, jambo ambalo bado twaliona kwa akina mama wapikao kwa kuni, lakini gesi haikupata nafasi ya kujikusanya ikawaua usiku mmoja.

Gari ni kinyume chake. Ni bati na kioo, na kila mlango una mpira uliowekwa makusudi ili maji na vumbi visiingie. Nafasi ya ndani ni ndogo kuliko chumba chochote cha Swahili. Ukitia humo jiko moja la makaa, gesi yaweza kufika kiwango cha kuua kabla ya usiku wa manane. Vivyo hivyo kwa hema la turubai, kontena na kibanda cha mabati kilichozibwa vizuri.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko bara, kila miezi ya Juni hadi Agosti, habari za jamaa waliokutwa wamekufa chumbani pamoja na jiko ni za kawaida. Na katika nchi za Ghuba, wanakoishi ndugu zetu wengi, watu hupiga kambi jangwani wakati wa baridi. Wakuu wa zimamoto wa huko huwaonya karibu kila msimu wasiingize makaa katika mahema na magari ya kulala.

Imani zinazoponza

Kuna maneno kadhaa niyasikiayo ambayo yafaa yakanushwe waziwazi.

"Makaa yakikolea hayana madhara." Si kweli. Moshi ukiisha, kinachokwisha ni kile unachokiona. Makaa mekundu yaendelea kutoa gesi, na hata yaliyofunikwa na majivu bado yanaitoa.

"Weka beseni la maji karibu na jiko, maji yatainyonya sumu." Maji hayainyonyi gesi hii kwa kiasi cha kumfaa mtu yeyote.

"Fungua kioo kidogo, yatosha." Upenyo wa kidole hautoshi kwa jiko linalowaka. Hakuna kipimo cha dirisha ambacho mimi nitakuambia ukilitumia waweza kulala na jiko. Jiko halilali ndani, basi.

"Mimi siwashi jiko, naacha injini ikinguruma ili simu ipate chaji." Injini nayo hutoa gesi ile ile. Ukiwa umeegesha ufuoni na mkia wa gari umeelekea upepo, kusi huusukuma moshi wa ekzosi chini ya gari na kuuingiza ndani kupitia matundu ya sakafu. Bomba likizibwa na mchanga au matope, hali huwa mbaya zaidi. Zima injini kabla ya kulala.

"Jiko la gesi ni safi." Ni safi kwa sufuria. Katika nafasi ndogo nalo hula hewa na laweza kutoa kaboni monoksaidi. Tena mtungi ukivuja, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Hushuka ikajikusanya sakafuni, pale pale palipo godoro, ikingoja kiberiti. Pika nje, funga mtungi kwenye valvu, kisha uuweke wima nje ya mahali mnapolala.

Siku hizi zapatikana kengele ndogo za betri zinazolia gesi hii inapozidi. Mwenye kulala garini mara kwa mara akiweza na ainunue. Lakini kengele ni ya kusaidia. Haikupi ruhusa ya kuingiza moto.

Ukimkuta mtu amezimia

Vuta pumzi nje, kisha fungua milango yote na uzime injini au ulitoe jiko. Usikae ndani ukimpepea, mtoe nje. Mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe. Ikiwa hapumui na unajua kubonyeza kifua, anza mara moja. Mwingine apige simu 999 au 112, au atafute gari la kumpeleka hospitali.

Usimnyweshe maziwa. Najua wengi huamini maziwa huua sumu. Sumu hii imeingia kwa mapafu, haimo tumboni, na maziwa kwa mtu aliyezimia huteremka mapafuni yakammaliza.

Dawa yake ni oksijeni. Mtu akivuta hewa ya kawaida, huchukua saa nne au tano kwa nusu ya gesi hiyo kutoka katika damu. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, muda huo hupungua ukawa kiasi cha saa moja hadi moja na nusu. Kwa hivyo usiridhike kuwa ameamka; mpeleke. Kwa safari hii ya kaskazini, jueni mapema ilipo hospitali ya Kilifi na ile ya Malindi, na mkiwa karibu na mjini, Hospitali Kuu ya Pwani.

Mkifika, semeni wazi: "Tulilala na jiko." Maneno hayo yana thamani kubwa, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni hudanganywa na gesi hii. Chaweza kuonyesha 98 kwa mia wakati mgonjwa anakosa oksijeni, kwa kuwa hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na sumu.

Wale wawili niliowataja walikuja baada ya gesi kuwatoka. Niliwapima moyo, mwendo na kumbukumbu, nikawaambia warudi. Sababu ni kuwa baadhi ya watu hupona, kisha siku kadhaa au wiki kadhaa baadaye wakaanza kusahau, kubadilika tabia au kutembea ovyo. Aliye karibu nawe ndiye atakayeyaona hayo kwanza. Wawili hao, nashukuru, waliendelea vyema.

Joto lisilohitaji moto

Sasa, mtalalaje bila kutetemeka? Njia zipo, na ni rahisi.

Vueni nguo zenye unyevu kabla ya jua kuzama, mjifute maji ya chumvi na kuvaa kavu. Tandikeni maboksi au mkeka mnene chini ya godoro, kwa maana sakafu ya bati hunyonya joto la mgongo kuliko upepo. Blanketi moja kwa watu wawili lina joto kuliko mawili yaliyotengana. Hilo halihitaji maelezo ya daktari. Chemsheni maji nje, mjaze chupa ya chai, na chupa nyingine ifungeni kwa taulo muiweke miguuni. Vaeni soksi na kofia.

Egesheni nyuma ya ukuta, au upande wa mivinje usiopigwa na upepo. Msiegeshe chini ya mnazi. Kusi huangusha nazi na makuti makavu, na nazi iliyotoka juu haiulizi kama paa ni la gari au ni kichwa cha mtu aliyetoka kupiga mswaki. Kisha acheni madirisha mawili ya pande tofauti yakiwa wazi kidogo, yenye wavu wa mbu. Hata bila moto, pumzi za watu wawili hulijaza gari unyevu, na godoro lenye ukungu ni adui wa mwenye pumu.

Dawa, maji na choo

Yule mama alikosea saa ya dawa, lakini sababu yake ni ya kweli, na wanawake wengi wanaielewa. Njiani choo ni shida. Kwa hivyo mtu haimezi dawa yake, au huacha kunywa maji tangu asubuhi. Matokeo yake ni shinikizo kupanda, au mkojo kuwasha na kuuma baada ya siku tatu. Mzungumzieni daktari kabla ya kusafiri. Saa ya dawa yaweza kupangwa upya. Na msione haya kubeba ndoo yenye kifuniko. Kunyweni maji.

Bebeni dawa za siku zote za safari na za siku tatu zaidi, zikiwa katika pakiti zenye majina. Zisiachwe juu ya dashibodi. Hata wakati wa kusi, gari lililofungwa juani laweza kupita nyuzi 40 kwa urahisi. Insulini hukaa vyema katika chombo cha udongo kilichozungushiwa kitambaa chenye maji, au katika kikasha cha barafu bila kugusana na barafu yenyewe. Mwenye pumu aweke dawa yake ya kuvuta mahali ambapo mkono utaifikia gizani. Mwenye selimundu asioge baharini jioni kukiwa na upepo. Baridi yaweza kumwamshia maumivu.

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi. Si mbali, lakini asiwepo atakayeketi zaidi ya saa mbili bila kushuka na kunyoosha miguu, ili damu isigande. Simameni Gede, mtembee katika magofu, kisha mwendelee.

Kuna jambo jingine ambalo usiku wa garini hulifichua. Nyumbani huenda mmelala vyumba viwili kwa sababu ya kukoroma. Hapa mko bega kwa bega. Mke akisikia mume amekoroma, kisha pumzi ikakatika kwa sekunde kumi au zaidi, kisha akashtuka kama aliyezama, huo si mzaha. Ni ugonjwa wa pumzi usingizini. Huongeza shinikizo la damu, na humfanya mtu asinzie mchana akiwa ameshika usukani. Kesho yake mwenziwe aendeshe, na wakirudi wamwone daktari.

Mbu na bahari

Mvua za masika huacha madimbwi, na mbu wa malaria huongezeka katika wiki zinazofuata. Tundikeni chandarua ndani ya gari. Kamba mbili na ndoana nne zatosha. Mbu wa mchana nao wana lao: Mombasa ilipata mlipuko wa kidingapopo, yaani dengi, mwaka 2013, na wa chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017. Ukipata homa baada ya safari, pima kwanza. Usimeze aspirini kabla ya kujulikana ni homa gani, kwani aspirini kwa mgonjwa wa dengi huweza kuzidisha kutoka damu.

Ama bahari ya kusi, iheshimuni. Waulizeni wavuvi mahali pa kuoga. Mkondo ukikuvuta kwenda nje, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufuo mpaka ukuachilie, ndipo urudi.

Wanaolala sokoni

Nimeandika juu ya wawili waliokwenda kutembea, lakini nisingetaka wengine wadhani hayawahusu. Hapa Kongowea, malori ya viazi, vitunguu na kabichi kutoka bara hufika usiku. Dereva na utingo hulala ndani wakingoja soko lipambazuke. Mvua ya Julai ikinyesha na vioo vikipandishwa, kishawishi cha jiko ni kile kile. Mlinzi wa usiku katika kibanda chake cha mabati naye ni vivyo hivyo, pamoja na mwuza samaki anayejihifadhi kwenye kontena. Hao hawana likizo; wako kazini. Ukiwajua, wasomee ukurasa huu.

Na kwenu mnaopanga kusafiri, pitieni sokoni mnunue machungwa, ndizi na maji. Makaa pia nunueni, mkachome samaki wenu. Likitoka la mwisho, mwagieni jiko maji mengi, mliache nje mbali na gari, hata kama mvua italilowesha. Jiko jipya mtalipata Kongowea kwa bei isiyowashinda. Kisha fungueni vioo viwili, mfunike miguu, na kabla ya kuzima taa kila usiku, mmoja amwulize mwenziwe: jiko liko wapi?